Milimita Tatu za Kisu

Kisu cha mashine ya kukatia karatasi hakikati pale ulipochora mstari. Hukata jirani na pale. Rundo la kadi likishabanwa, karatasi za juu husogea kidogo, za chini hugoma, na kadi ya kwanza ikilinganishwa na ya mwisho huwa zimepishana kwa unene wa ukucha. Mwenye kisu analijua hilo na wala halimnyimi usingizi. Anayelifikiria ni mtu mwingine, aliyekaa chumba cha pili mbele ya kompyuta, ambaye kabla karatasi haijanunuliwa alikwisha kuivuta rangi ya kadi milimita tatu nje ya mpaka kila upande, na kuyasogeza ndani majina ya maharusi, mbali na ukingo. Kisu kikienda nje kitakuta rangi, hakitaacha ufito mweupe. Kikienda ndani hakitamkata bwana harusi jina. Mwalikwa ataifungua bahasha, atatazama kama kadi ni ya mtu mmoja au wawili, na hatajua kuwa kuna kisu kilichoteleza.

Kazi hiyo ina majina mengi mjini. Wapo wanaoiita kutengeneza faili, wapo wanaoiita atiweki, na mteja mwenye haraka huiita dizaini kwa jumla, kana kwamba yote ni kuchora ua na kupanga maandishi. Kuchora kumo. Lakini mchoro mzuri unaweza kufia mashinini, na mchoro wa kawaida ulioandaliwa vizuri ukatoka safi. Kinachonivutia kwa mafundi hawa ni kwamba hawaiamini mashine hata siku moja. Wanajua kisu kitateleza, karatasi itakunywa unyevu wa Dar es Salaam na kutanuka, wino utasambaa, fulana itanyooka mkononi. Badala ya kuomba mambo yaende sawa, wanayaandalia makosa hayo mahali pa kukaa, yasije yakakaa usoni pa mteja. Fundi cherehani naye huacha kitambaa cha kukunja ndani ya mshono, kwa sababu anaujua mkasi wake. Ila yeye kitambaa anacho mkononi. Fundi wa faili anaandaa kitu ambacho bado hakipo.

Chang'ombe, Dar es Salaam, ni mahali pazuri pa kuutazama ufundi huu, maana mahitaji hayakauki. Upande mmoja ipo Keko ya maseremala. Upande mwingine Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007 pembeni ya ule wa zamani wa Uhuru. Chuo cha ufundi cha VETA na chuo kikuu kishiriki cha elimu, DUCE, vimo humo humo, na viwanja vya maonyesho ya Sabasaba viko Barabara ya Kilwa, si mbali. Kwa hiyo mwaka una majira yake. Aprili ni fulana na kofia za Mei Mosi, kila ofisi na rangi yake. Juni ni mabango, mifuko na vipeperushi vya washiriki wa Sabasaba. Agosti kwa kawaida ni Simba Day ya klabu ya Simba na Wiki ya Mwananchi ya Yanga. Desemba ni kalenda. Mwaka wa uchaguzi kila kitu hugeuka kofia. Na katikati ya hayo yote, bila kusubiri msimu, zipo harusi na misiba.

Kazi huanzia kwenye simu. Mteja anatuma nembo kwa WhatsApp, kama picha, na chini yake anaandika kwamba anataka bana ya mita tatu, jioni ya leo. WhatsApp hubana picha ili zisafiri haraka, na inayofika kwa kawaida hubaki na pikseli kama 1600 upande wake mrefu. Fundi hupiga hesabu kichwani. Uchapaji wa karatasi unataka pikseli 300 kwa kila inchi; kwa kiwango hicho pikseli 1600 zinatosha sentimita 13 na nusu, basi. Zikitandazwa kwenye bana ya mita tatu, kila inchi inaambulia pikseli 13 au 14. Kweli bana husomwa kwa mbali na haihitaji 300; pikseli 100 kwa inchi, hata 72, zinatosha. Lakini kwa 13 herufi zinaota meno. Watu wa kazi husema picha imepasuka.

"Si uikuze tu, dada?"

"Nikiikuza napata pikseli kubwa, bosi wangu, sipati nyingi. Nitumie faili lenyewe. Kama huna, tuma hiyo picha kama dokumenti, isibanwe."

Mara nyingi faili lenyewe halipo. Aliyechora nembo alihama, kompyuta iliibwa, flashi imekufa. Hapo fundi huichora nembo upya, mstari kwa mstari, kwenye CorelDraw au Illustrator, mpaka iwe vekta: mchoro unaoshikwa na hesabu ya mikunjo badala ya vitone, unaoweza kuwekwa kwenye kalamu au kwenye ukuta wa ghorofa bila kuharibika. Kipo kitufe cha kufuatisha picha chenyewe, na kila mwanafunzi hukipenda wiki ya kwanza. Hutoa duara lenye nundu na herufi O yenye pembe. Fundi aliyeiva hulichora duara kwa nukta nne, kwa sababu nukta nne zinalitosha duara zima, na hazigusi tena. Faida yake utaiona mashine ya kukata stika inapolifuata faili. La kitufe lina mamia ya nukta, na kile kijisu kinazipitia moja moja, kikitetemeka njia nzima. La mkono hulizunguka duara kwa pumzi moja.

Kisha maandishi huvunjwa yawe mikunjo nayo, maana kompyuta ya chumba cha mashine huenda haina fonti ile, na isipokuwa nayo hutia nyingine bila kuuliza mtu. Ukishayavunja huwezi tena kusahihisha neno, kwa hiyo kwanza husomwa. Fundi husoma polepole, na akiwa wa hapa hutazama hasa ile alama ndogo iliyokaa katikati ya Chang'ombe. Fonti nyingine hazinayo zikaweka kiboksi. Programu nyingine hudhani ni mwanzo wa nukuu zikaipindua itazame upande usio wake. Na mteja mwenyewe amezoea kuandika Changombe, yakaisha. Kwenye bana itakayoning'inia mwaka mzima mbele ya duka, alama hiyo ina ukubwa wa ngumi. Ikikosekana au ikipinduka, inaonekana tangu ng'ambo ya barabara. Kompyuta haimsaidii: iliyofundishwa Kiingereza hupiga mstari mwekundu chini ya kila neno la Kiswahili, sahihi na kosa sawasawa.

Rangi ni ugomvi mwingine. Simu huwaka, karatasi haiwaki. Simu hupata rangi zake kwa mwanga wa aina tatu, mwekundu, wa kijani na wa bluu. Mashine hupata zake kwa wino wa aina nne, sayani, majenta, njano na nyeusi, na ziko rangi ambazo mwanga unazo na wino hauna. Kijani cha kuchoma macho ni mojawapo. Mshabiki wa Yanga huleta kijani kinachowaka simuni, anarudishiwa kilichotulia kwenye kadi, na anadhani kazi yake ilishikwa na mtu wa Simba. Fundi mwenye busara humchapia kipande kidogo kabla ya kazi nzima, amwonyeshe kwenye mwanga wa nje, wayamalize hapo. Kwa fulana za kupigwa kwa mkono mambo ni mepesi kidogo, kwa kuwa kijani huchanganywa chenyewe ndani ya kopo, hakitafutwi kwa kurundika nukta za sayani na njano. Ndiyo maana kampuni ya Pantone ya Marekani ilianza mwaka 1963 kuuza kitabu cha rangi zenye namba: mtu wa mji mmoja aseme namba, wa mji mwingine achanganye wino uleule.

Nyeusi nayo ina siri zake. Maandishi madogo meusi huwekwa nyeusi peke yake, asilimia 100, bila kuchanganywa na kitu, kwa sababu yakijengwa kwa rangi nne na karatasi ikasogea kidogo tu, kila herufi hutoka na kivuli chekundu au cha samawati na msomaji hudhani anahitaji miwani. Eneo kubwa jeusi ni kinyume: nyeusi peke yake hutoka kijivu iliyochoka, kwa hiyo huongezewa sayani chini yake. Lakini si kupakia tu. Ukijumlisha asilimia za rangi zote nne mahali pamoja zikapita kama 300, wino haukauki na karatasi hugandana rundoni.

Kazi inayonifanya niwavulie kofia, hata hivyo, ni ya msiba. Mjini imekuwa kawaida: kwa wanaosubiri siku moja mbili kabla ya kuzika, familia hutaka fulana zenye picha ya marehemu, kijitabu cha ratiba ya ibada chenye wasifu wake, na bana ya mlangoni. Muda ni usiku mmoja. Picha iliyopo ni ile iliyopo.

Nilikuwepo kaka mmoja alipomletea dada fundi picha ya mama yake. Aliipiga kwa simu kutoka kwenye albamu: kundi la watu harusini, mama wa pili kutoka kushoto, kilemba cha kitenge, mng'ao wa taa umeangukia plastiki ya albamu, na mkono wa mtu umemshika bega.

"Pole sana, kaka."

"Asante, tumeshapoa. Dada, naomba umtoe huyo aliyemshika bega."

Dada aliikuza picha akautazama ule mkono kwa muda. "Nikiutoa, bega litakuwa la kubuni," akamwambia. "Halitakuwa lake. Nikate juu ya bega, au niuache mkono?"

Kaka akafikiri, akasema akate juu.

Uso wote, baada ya kukata, ulikuwa na pikseli kama 400 kwa upana. Hapo ndipo nilipouona ufundi. Mtu mwingine angeukuza ujaze kifua, kwa sababu ndivyo wateja wanavyopenda, na waombolezaji wangevaa ukungu. Yeye aliupima mpaka pale ambapo jicho bado linaonekana jicho, upana usiofika kiganja, akaacha nafasi nyeupe pande zote, akaweka jina na miaka chini kwa herufi za wastani. Ukiitazama fulana ile unaona uamuzi. Picha ndogo ilionekana imekusudiwa iwe ndogo.

Kisha akachapa sampuli ya kijitabu. Kaka akaishika, akainyamazia, halafu akasema taratibu: "Mama alikuwa maji ya kunde. Hapa amekuwa mweusi tii."

Alisema kweli, na kosa si la mtu. Kompyuta inapoibadili picha kutoka rangi za mwanga kwenda rangi za wino, ngozi yenye weusi hujengewa sayani na nyeusi nyingi. Karatasi ya kijitabu, isiyo na mng'ao, hunywa wino. Kila nukta hutanuka ikigusa uzi wa karatasi. Nukta iliyoandikwa asilimia 50 kwenye faili inaweza kutoka kama 65 au 70, na kwenye karatasi laini ikazidi. Shavu lenye nukta nyingi tangu mwanzo hufunga kabisa, pua na shavu vikawa kitu kimoja. Njia ya mkato ni kuiangaza picha nzima, na hapo kilemba kinaungua na meno yanageuka karatasi tupu. Dada hakupita huko. Alipunguza nyeusi kwenye ngozi, akapunguza sayani, akaiachia majenta na njano ziseme, akainua zile rangi za katikati tu, bila kugusa ule mwanga mdogo juu ya paji la uso na ndani ya macho. Akachapa tena. Akainamisha taa ya meza. Akapunguza sayani tena kidogo. Kisha akahifadhi faili la pili kwa ajili ya fulana, ambayo kitambaa chake kina tabia nyingine, na la tatu la bana, ambayo haihitaji kulegezwa kiasi hicho. Picha moja, mafaili matatu, na mwenye msiba akaona moja.

Tabu hiyo ya ngozi ni ya zamani na si ya Dar es Salaam peke yake. Kuanzia miaka ya 1950 maabara za picha zilipewa na Kodak kadi za kupimia rangi, zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, na ngozi ikiwa sawa kwake ilihesabiwa kuwa sawa. Waliziita kadi za Shirley. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada aliyeandika habari zake mwaka 2009 anaeleza kwamba miongoni mwa waliolalamika filamu haitofautishi rangi za kahawia walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani, waliotaka mbao zao zitofautishwe kwenye matangazo. Maseremala wa Keko watalipenda hilo: mninga ulisikilizwa kabla ya mtu. Fundi wa faili wa leo anarekebisha kwa mkono, uso mmoja baada ya mwingine, kilichosahaulika maabara.

Fulana za Mei Mosi zikiwa mia kadhaa na rangi zikiwa mbili tatu, mashine ya gharama haifui dafu mbele ya fremu ya mbao iliyowambwa kitambaa chembamba. Kila rangi hutaka fremu yake, na kila fremu hutaka filamu yake. Filamu zote huchapwa nyeusi, hata ile ya njano, kwa kuwa kazi yake ni kuzuia mwanga. Fremu hupakwa dawa, filamu hulazwa juu yake, mwanga hupigwa; dawa iliyoona mwanga huwa ngumu, iliyofichwa na weusi wa filamu hubaki laini na kuoshwa kwa maji. Pale ilipooshwa ndipo wino utakapopita.

Ugumu huja fulana ikiwa nyeusi. Njano juu ya kitambaa cheusi hufa, kwa hiyo hutangulizwa nyeupe chini yake. Sasa tuseme nyeupe na njano zina umbo moja, sawasawa kabisa. Kwenye skrini ya kompyuta ni safi. Mezani, fremu mbili haziwezi kuangukia mahali pamoja mara mia tano mfululizo. Mkono huchoka, fulana husogea, na ufito mweupe huchungulia pembeni mwa kila herufi. Fundi hulijua hilo tangu asubuhi. Huipunguza nyeupe robo milimita kuzunguka kingo zote, njano imezidi, na robo hiyo humeza mtikisiko wote. Rangi mbili zinapokaa ubavu kwa ubavu hufanya kinyume: njano hupitishwa kidogo chini ya nyekundu ili kusiwe na mwanya. Ukiliangalia faili lake kwa macho ya mchoraji utasema limechorwa ovyo, maumbo yamepandana. Limechorwa kwa ajili ya mkono uliochoka saa kumi jioni.

Nilimwona yule dada akizipanga filamu tatu za kazi moja kwenye kioo cha dirisha, akilinganisha misalaba midogo ya pembeni hadi mitatu ikawa mmoja, jicho moja amelifumba. Chini ya nembo palikuwa na kaulimbiu ya herufi ndogo, mistari yake myembamba kuliko uzi. Akaweka lenzi, akatikisa kichwa, akarudi kompyutani kuinenepesha. Mstari chini ya robo milimita hauna pa kushika kwenye kitambaa cha fremu. Utatoka nusu, na Kiswahili cha kaulimbiu kitageuka lugha nyingine. Kabla ya kumkabidhi mpigaji aliandika kwa kalamu pembeni ya filamu: vidole vinne chini ya kola. Ndicho kipimo cha kifua, na kinasaidia, maana faili halijui kola iko wapi.

Kazi za kubandika kwa joto, kwenye fulana, vikombe na kofia, zina mtego wa aina yake, kwa kuwa picha lazima ichapwe kinyume ili ikigeuzwa ikae sawa. Shida ni kwamba programu ya mashine nayo huweza kugeuza. Fundi akigeuza na mashine ikageuza, picha inarudi ilikotoka. Kwenye maandishi utaliona kosa mara moja. Kwenye bendera ya taifa huenda usilione. Ufito mweusi wenye kingo za dhahabu hupanda kutoka kona ya chini upande wa mlingoti hadi kona ya juu upande wa pili, kijani juu, bluu chini. Ikigeuzwa bado ni bendera nzuri ya rangi zote nne, ila ufito unashuka badala ya kupanda. Zimo mitaani fulana za namna hiyo. Dada huyu huweka herufi F nje ya mpaka wa kila kazi ya joto, itakapokatwa na kutupwa, na mpiga joto ana amri moja: F ikisomeka vizuri kwenye filamu, usibandike, niite.

Kwa kweli sisi ni watu tuliokaa na ufundi huu muda mrefu kuliko tunavyodhani. Khanga ni kazi ya kuagiza iliyochapwa: ina pindo, ina mji, ina jina, na kwa vizazi kadhaa watu wameagiza zenye maneno yao, za vyama, za harusi, za kampeni. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, kilitoa khanga na vitenge vilivyovaliwa nchi nzima, kila rangi ikipita kwa zamu yake. Itoe khanga ya zamani kabatini uitazame pale nyekundu inapokutana na nyeusi. Sehemu nyingine utaona uzi mweupe ambapo rangi mbili hazikukutana. Sehemu nyingine utaona nyeusi imepanda juu ya nyekundu kwa makusudi, nene kiasi. Aliyeichora alijua kitambaa kitavutika. Na doti huuzwa haijakatwa, mwenye nayo aikate katikati na kuipinda mwenyewe, ndiyo maana mchoraji hakuliweka jina ukingoni.

Siku hizi vijana wengi huja na kazi waliyoipanga wenyewe kwa Canva simuni, na wengine na nembo iliyochorwa na akili mnemba, ina herufi zisizo za alfabeti yoyote. Sioni ubaya. Zinampunguzia fundi maneno ya kuelewana na mteja, na zinamwongezea kazi ya kusafisha. Kadi za harusi nazo zimeingiwa na msimbo wa QR, ule wa vijumba, wa kupigwa kwa simu mlangoni mwa ukumbi. Uligunduliwa Japani mwaka 1994 katika kampuni ya Denso, na waliouunda walifikiri kama mafundi hawa: ukiwekwa kwa kiwango chake cha juu, karibu asilimia 30 yake inaweza kuchafuka na bado ukasomeka. Ila unataka nafasi tupu ya vijumba vinne kila upande, na unataka kuwa mweusi juu ya weupe. Mama wa harusi hutaka uwe wa dhahabu, ufanane na maua. Dhahabu inayometa humrudishia simu mwanga, na foleni ya wageni ikasimama mlangoni huku muziki umeshaanza. Fundi humwekea maua ya dhahabu pembeni, msimbo humwachia weusi wake.

Linaloniudhi ni bei. Mteja akipewa hesabu ya fulana mia mbili, hakuna anayebishania gharama ya kitambaa, kitambaa kinashikika. Wino haubishaniwi sana. Mstari wa kwanza kukatwa ni wa kutengeneza faili. "Hiyo niondolee, ni kubonyeza tu." Na wenye maduka huiondoa, wasije wakampoteza mtu, kisha humlipa fundi kutoka kwenye kilichobaki au wasimlipe. Matokeo yake wanaojifunza kazi hii hukimbilia mashine kubwa, maana mashine ndiyo inayopigwa picha na kusifiwa, na anayebaki na faili ni mmoja, usiku, mwenye msiba amesimama nyuma ya kiti chake.

Basi, msomaji, litafute leo faili halisi la nembo ya ofisi yako au kikundi chako, kabla hujalihitaji, ulihifadhi kwenye barua pepe yako. Litume kama dokumenti. Ukiletewa sampuli, soma majina na namba za simu kwa sauti kabla ya kujibu "sawa", na uitazame nje kwenye mwanga wa jua. Na ukiona kwenye risiti mstari wa kutengeneza faili, lipa. Punguzo liombe kwenye kofia.